Nimeokoka, Andika Hapana

Mwaka ule nilipata kibarua cha kuwauliza watu wazima wa mtaa wetu wa Kangemi kama wanavuta sigara. Ofisi ilikuwa Westlands, na msimamizi wetu alituonya mambo mawili: andika ulichoambiwa bila kubishana, na usimhoji mtu wa kwenu.

Nilidhani watanijibu ndiyo au hapana. Kumbe wengi walinijibu, "Nimeokoka." Fomu haikuwa na nafasi ya wokovu, kwa hiyo nikawa natia alama kwenye hapana, hata pale huyo aliyeokoka aliponuka moshi waziwazi.

Siku ya tatu orodha ikanileta nyumbani kwetu. Ningemwachia mwenzangu, lakini kiburi kilinishika. Nilitaka wazazi wanione na kitambulisho shingoni. Baba, mzee wa kanisa, alienda kuvaa koti kwanza, akaketi wima. Mama akakaa kando yake. Nikasoma swali kama lilivyoandikwa. Baba alimtazama mama, kisha akanitazama mimi.

"Nimeokoka," akasema.

Nilijua vizuri. Kila jioni alituaga kwamba anaenda kuangalia kuku, na kuku wenyewe tulishawala wote Krismasi. Alikuwa akirudi anamumunya peremende, anakohoa. Nikatia alama kwenye hapana, nikamshukuru, na kusema kweli niliona nimemheshimu.

Baadaye tuliitwa ofisini kusomewa matokeo. Tukaambiwa wavutaji wanapungua, tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, huku nikimfikiria baba nyuma ya banda tupu. Labda walikuwa wanapungua kweli, sijui. Ninachojua ni kwamba mmoja nilimpunguza mimi, kwa kalamu.

Kikohozi kilipomzidi nilimpeleka hospitali. Daktari aliuliza swali lilelile, baba akatoa jibu lilelile. Daktari alipoinama kuandika, niliona aibu.

"Anavuta, daktari," nikasema. "Miaka mingi."

Nilingoja baba anifokee. Hakunifokea. Huwa ananiita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake, na hata siku hiyo sauti yake ilikuwa ya upole.

"Kumbe siku ile ulikuwa unajua?"

Nikamwambia ndiyo.

"Sasa mama, mbona hukuandika?"