Nyota Tano za Bi Mkwaruzo

Bi Mkwaruzo hakuzaliwa na jina hilo, alijitafutia mwenyewe. Miaka tisa iliyopita alianzisha jarida la mtandaoni la kuchambua vyombo vya muziki wa metali: magitaa, amplifaya, pedali za kukanyaga kubadili sauti, na namna ya kuvirekodi visisikike kama mabati. Akakwama kwenye neno moja. Ule mngurumo mchafu, mtamu, ambao bila huo metali si metali, auiteje? Akauita mkwaruzo. Neno likapendwa, wasomaji wakambandika liwe jina lake mpaka leo.

Sasa basi, mjomba wake ni fundi redio. Miaka arobaini kazi ya mzee huyu ni kuondoa mkwaruzo! Redio ikikwaruza inaletwa kwake, anaipasua, anaitibu, inarudi inaongea vizuri. Aliposikia mpwa wake anausifu mkwaruzo, tena anaupa na nyota, alishika kichwa.

"Mimi nafukuza, wewe unakaribisha," alisema. "Ukoo huu utaelewana kweli?"

Bibie hayumbishwi. Asubuhi anafundisha hesabu shuleni, akirudi anajifungia chumba cha nyuma, kuta zimevikwa magodoro ya zamani, anapiga gitaa mpaka vikombe vya jikoni vinatembea. Wasomaji wanampendea jambo moja: hajui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kibovu anasema kibovu, aliyekasirika akanywe maji. Nyota tano alikuwa ametoa mara mbili tu kwa miaka yote tisa.

Mara ya tatu ilikuwa wiki ya kisa hiki. Duka moja lilimwazima amplifaya ya aina mpya, yenye spika yake humo humo ndani. Akapiga nyuzi huku amezibana kidogo kwa kiganja, lo! Ikanguruma kutoka chini kabisa, na juu ya mngurumo kukawa na kitu kinavunjikavunjika, kama mtu anatafuna changarawe. Vinyweleo vikamsimama. Desturi yake ni kuunganisha kila amplifaya na spika yake ya siku zote, asikilize mara ya pili. Siku hiyo alinogewa, akaona ya nini. Akaandika: "Mkwaruzo mtamu kuliko wote niliowahi kuusikia." Nyota tano.

Ijumaa, muuguzi mmoja anayepiga gitaa kwenye bendi ya akina dada watatu aliandika chini ya makala: "Mimi sina sikio kama lako. Kesho saa nane nikitoka zamu naenda kuichukua. Nakuamini."

Jumamosi asubuhi mjomba alipita kuchukua solda yake ya kuunganishia nyaya, aliyoiazima mpwa wake. Bibie hakumwacha aondoke hivi hivi.

"Kaa hapo, Mjomba. Leo utakiri mwenyewe."

Akapiga. Mjomba akasikiliza, kichwa ameinamisha upande.

"Spika imechanika."

"Mjomba! Ndiyo metali hiyo."

"Sibishani na metali, mwanangu. Karatasi ya spika ikipasuka hulia hivyo hivyo. Lete bisibisi."

Akampa huku anacheka. Skrubu nane. Wavu wa mbele ulipotoka, karatasi nyeusi ya spika ilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole. Mwenye macho haambiwi tazama. Kicheko kikamkauka.

Wakaunganisha amplifaya na spika nzima, ile ya bibie ya siku zote. Ikanguruma, ndiyo, lakini kama nyingine zote sokoni. Nyota tatu, tena kwa kuionea huruma. Atakayeinunua dukani, ikiwa nzima, ule utamu hataupata ng'o, kwa sababu utamu wenyewe ulikuwa ugonjwa.

Aliona aibu, aibu hasa, masikio yakamuwaka moto. Miaka tisa anawaambia watu waamini sikio lake, leo sikio limesifu tundu!

"Kuteleza si kuanguka," mjomba alisema kwa upole. "Ifute tu hiyo makala. Sisi mafundi tukikosea tunafunga kifuniko, nani anajua?"

"Nikifunga kifuniko, Mjomba, saa nane yule muuguzi yuko dukani."

Ilikuwa saa tano na nusu. Alipiga moyo konde, akakaa kwenye kompyuta. Hakufuta hata herufi. Juu kabisa ya makala akaandika: "NIMEKOSEA. Nilichokisifu ni spika iliyochanika. Sikuisikiliza mara ya pili, uzembe ni wangu. Ikiwa nzima ni nyota tatu. Msiinunue kwa neno langu." Akaweka picha ya mpasuko, akarekodi sauti zote mbili, ya mbovu na ya nzima, kila mtu ajisikilizie. Kisha akamtumia yule muuguzi ujumbe wa peke yake.

Jamani, watu walimcheka! Mmoja akambatiza Bi Tundu. Mwingine akasema jarida limekwisha, afadhali wasomaji wampigie simu mjomba. Akayasoma yote, moja moja, na solda ya watu bado iko mezani, maana mjomba alikataa kuondoka. Saa nane ikafika, ikapita, muuguzi hajajibu. Alijiambia huenda mwenzake ameshanunua, moyo ukamuuma.

Saa tisa kasoro jibu likaingia: "Nilikuwa kaunta, nimeshaishika mpini. Nimeiacha. Nimecheka mpaka mwenye duka akauliza kulikoni. Haya, bado nipo hapa, niambie basi: nichukue ipi?"

Alilisoma mara mbili. Machozi yakamlengalenga, wala hakuyaficha.

"Anasemaje?" mjomba aliuliza.

"Anauliza achukue ipi."

"Baada ya yote haya? Anamuuliza nani?"

"Ananiuliza mimi," alisema, akavuta kibodi karibu.