Kiboksi cha Magamba

Katika karakana yetu ya Mashimoni, kiboksi hakikuhesabiwa kuwa kimekwisha kabla hakijatikiswa. Ulikikunja, ukakifunga, ukampa mwenzako wa upande wa pili wa meza. Yeye alikifungua, akatia njugu chache za kuchoma, akakifunga tena, akakipindua na kukitikisa karibu na sikio lake. Njugu ikidondoka, kiboksi kilirudi kwako na kicheko juu yake. Isipodondoka, mjaribu alizila njugu zake na kukiweka kiboksi kwenye safu ya vilivyopita. Ndiyo maana mahali pale palinuka vitu viwili daima: karatasi mbichi na njugu.

Karatasi tuliitengeneza wenyewe. Magunia ya karatasi chakavu yalikuja kutoka maofisini, tukazichana na kuziloweka kwenye mapipa hadi zikawa uji, tukauchota uji ule kwa fremu za wavu na kuuanika uchochoroni, huku tukiomba jirani asimwage maji ya kufulia. Majani ya chai yaliipa karatasi rangi ya udongo. Maganda ya vitunguu yaliipa rangi ya dhahabu iliyochoka. Michoro ndiyo haikuwa yetu. Mama mmoja kutoka Japani aliwahi kukaa pale msimu mmoja, kabla sijafika mimi, akawafundisha wanawake wa karakana kukata na kukunja kwa namna ya kwao. Aliporudi, duka moja la huko likaendelea kununua kadi zetu na viboksi vyetu vya peremende.

Michoro ile ilikuwa na majina ya Kijapani ambayo hakuna aliyeyakumbuka, kwa hivyo kila mmoja aliipa jina la alikotoka. Nyota iliyozaa nyota nyingine pembeni mwake, akina mama wa Kitui na Machakos waliiita kiondo, kwa sababu kikapu cha kiondo nacho husukwa kuanzia katikati ya kitako namna hiyo. Maua ya mcheri, yale ya kwanza kabisa, yalikatwa kwa karatasi ya zambarau, maana mti pekee ambao wanawake wale waliwahi kuuona ukichanua bila majani ulikuwa jakaranda. Duka likaomba, kwa adabu nyingi, yawe ya waridi. Na yale mawimbi, nusu duara zilizoegemeana bega kwa bega hadi ukingo wa karatasi, yaliangaliwa kwa muda mrefu na mwanamke mmoja wa Kisumu Ndogo ambaye jioni aliuza omena, wale dagaa wa ziwani.

"Haya si mawimbi," alisema. "Haya ni magamba ya ngege. Mimi nimeparua samaki tangu nizaliwe, hamtanidanganya."

Tangu hapo yakawa magamba.

Mimi nilifika pale baada ya kumaliza kidato cha nne. Nilikuwa nikiishi Kabiro, kule Kawangware, na mama yangu, na kila asubuhi nilitembea kwa miguu, nikavuka Barabara ya Ngong wakati umande ungali kwenye nyasi za kando, nikateremka hadi Mashimoni. Nilitaka kuandika vitabu. Wakati nikingoja kujua jinsi vinavyoandikwa, nilikunja viboksi.

Aliyekaa mbele yangu alikuwa mkataji, mwanamume pekee kwenye meza ile. Alikuwa mtu wa mkoa wa Magharibi, akiishi na kaka yake Kisumu Ndogo, na alikuwa na tabia ya kushika pumzi kila alipokata magamba, gamba moja pumzi moja, hivi kwamba ukimtazama ulijikuta nawe umeacha kupumua. Yeye ndiye aliyejaribu viboksi vyangu. Siku ya kwanza alikitikisa changu, njugu zote zikamwagika mapajani mwake.

"Msichana wa Kawangware," alisema, "hii ni boksi ama ni dirisha?"

Meza nzima ikaangua kicheko.

"Wewe unatikisa kama mtu anaua nyoka," nilimjibu.

"Huko inaenda unadhani watu wa ndege wataibembeleza?"

"Mwache, msichana wangu," akasema yule mama wa omena. "Huyo anatafuta njugu za bure. Hajakunywa chai."

Nilijifunza. Vidole vyangu vilizoea ile mikunjo minne ya kifuniko, kila mmoja ukiingia chini ya mwenzake kama watoto wanne wanaolala kitanda kimoja, na njugu zikaacha kudondoka. Hapo ndipo jambo lile lilipoanza. Alipomaliza kukijaribu kiboksi changu cha mwisho cha siku, alikula njugu zote isipokuwa moja. Hiyo aliiacha ndani, akafunga, akakisukuma kiboksi mezani hadi mbele yangu. Nilikifungua, nikala, nikakipeleka kwenye safu. Hakuwahi kusema neno, nami sikuuliza. Lakini meza ile ilikuwa na macho.

"Hawa wawili wanalishana kama njiwa," alisema mama wa omena bila kuinua uso kutoka kwenye gundi yake.

Mvua ndefu zilipita hivyo. Nikikumbuka sasa, sioni kwamba tuliwahi kutembea pamoja hata mara moja, wala kukaa mahali tukanywa soda. Tulikuwa na meza kati yetu, na juu ya meza kiboksi, na ndani ya kiboksi njugu moja. Nilikuwa nimeshiba.

Kisha akapata kazi Doha, kwenye ghala. Aliniambia tukiwa uchochoroni tunageuza karatasi zilizoanikwa, kwa sababu ndani hakungekuwa na siri.

"Ajenti anataka jibu Jumamosi," alisema.

"Na wewe unataka kwenda?"

"Kaka anataka niende. Nyumbani wanataka niende." Aliikunjua ncha ya karatasi iliyojikunja kwa jua. "Wewe hujasema."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi mno, yote yakisukumana mlangoni, na kabla la kwanza halijatoka, mama wa omena akatokea na beseni lake.

"Hizo karatasi zinakauka ama zinatongozwa?"

Tulicheka wote watatu. Mama huyo alipopita na kuingia ndani, mkataji akaongea haraka, macho yake yakiwa kwenye karatasi.

"Ijumaa, kiboksi cha mwisho. Ukitaka nibaki, niachie njugu moja ndani. Ukitaka niende, kiache tupu. Halafu tusiongee mingi, nitaelewa."

Ijumaa ile nilinunua njugu kwa muuzaji wa kona na kuzimwaga kiganjani ili nichague. Nilitaka yenye ganda jekundu lisilochubuka. Niliipata. Nilichukua karatasi nzuri kuliko zote, ya maganda ya vitunguu, aliyokuwa ameikata magamba kwa mkono wake mwenyewe, nikakunja kiboksi, nikaiweka njugu ndani na kukifunga. Yeye alikuwa nje akipakia magunia. Nilikiweka mahali pake, kando ya wembe wake wa kukatia. Karibu yake palikuwa na kiboksi kingine cha magamba, changu pia, ambacho bado hakijajaribiwa. Sikukifikiria.

Madam, mama aliyetusimamia, aliingia akipiga makofi. Gari la kuchukua mzigo lilikuwa linakuja mapema.

"Wewe, chukua ile thamosi utuletee chai kabla hatujaanza kufunga. Na mandazi. Kimbia!"

Nilikimbia. Kibandani kulikuwa na foleni, na chai ilikuwa bado inachemka. Niliporudi makatoni yalikuwa yamefungwa kamba, na yeye alikuwa amekaa mahali pake. Mbele yake palikuwa na kiboksi cha magamba, kifuniko wazi. Aliinua uso akanitazama, kisha akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea.

Nikatabasamu. Sikutabasamu kidogo. Nilitabasamu kwa uso mzima, meno yote nje, thamosi mkononi, hadi mama wa omena akauliza kama huko kibandani nimeokota kitu. Yeye akauchukua wembe wake na kuanza kuufuta kwa kitambaa, taratibu, pande zote mbili. Nilimimina chai, nikaimwaga mezani.

Jioni ile njia ya Kabiro ilikuwa fupi. Mama yangu aliniuliza mbona naimba nikichagua maharagwe, nikamwambia nimeimba tu.

Jumatatu mahali pake palikuwa wazi.

"Amekubali ile kazi," alisema mama wa omena. Aliniangalia vizuri, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. "Hakukwambia?"

Kwa hiyo aliiona njugu yangu na akaenda. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Alikuwa ameniomba neno, nikampa, naye akainamisha kichwa kwa shukrani na kupanda ndege. Alipotuma salamu kwenye kundi letu la simu kwamba amefika salama, kila mtu alimjibu isipokuwa mimi. Nililia mara moja tu, nikiwa kwenye pipa la kulowekea karatasi ambako uso wa kila mtu huwa umelowa. Baada ya hapo nikawa na hasira, na hasira inakunja viboksi vizuri sana. Mjaribu wangu mpya, binti mmoja mpole, alisema vyangu havifunguki hata kwa mwenye haki ya kuvifungua.

Jakaranda za Barabara ya Ngong zilikuwa zinadondosha maua Madam alipoingia siku moja na simu yake mkononi, amekasirika.

"Nani alifanya hii? Nani?" Alitugeuzia kioo. "Mteja amefungua boksi amepata njugu. Huko kuna watu wana aleji, wanakufa na njugu! Mnataka tufungiwe?"

Wanawake walicheka, kisha wakasogea kuona. Mimi nilisogea wa mwisho. Ilikuwa picha ya kiboksi cha karatasi ya maganda ya vitunguu, kilichokatwa magamba, kimewekwa juu ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Ndani yake palikuwa na njugu moja yenye ganda jekundu lisilochubuka.

"Ni ule mzigo wa gari la mapema," Madam aliendelea. "Boksi moja ilikuwa imepungua, nikachukua iliyokuwa karibu, hapo kwa meza ya mkataji. Ningejua kuna mtu amefanya boksi mfuko wa kuweka chakula chake!"

Niliketi. Nakumbuka mama wa omena aliweka mkono begani mwangu na kuuacha hapo, na sijui hadi leo alijua kiasi gani.

Nilimwomba Madam anitumie ile picha. Alidhani ninataka kujifunza kutokana na kosa. Nikaituma Doha bila neno hata moja. Niliona imepokewa. Niliona imesomwa. Kisha simu ikalia, nikatoka nayo uchochoroni, katikati ya karatasi zilizokuwa zikipepea.

"Hii ni nini?" aliuliza. Nyuma yake palikuwa na mlio wa mashine.

"Ni jibu lako."

"Sasa mbona iko kwa kitambaa cha watu?"

Nikamweleza. Foleni ya chai, katoni iliyopungukiwa, vile viboksi viwili vilivyokaa karibu. Nilisikia akivuta pumzi na kuishika, vile vile alivyofanya akikata.

"Mimi nilifungua nikapata tupu," alisema. "Nikasema sawa. Halafu wewe ukaingia na thamosi ukicheka hivyo. Nikajiambia, huyu hata amefurahi naenda."

"Nilifurahi unabaki."

Mashine ilinguruma.

"Ilikuwa ya kuchoma ama mbichi?" akauliza.

"Ya kuchoma."

"Na chumvi?"

"Na chumvi."

"Wajapani wamekula njugu yangu," alisema, na tukaanza kucheka, tukacheka hadi mimi nikalazimika kushika ukuta wa mabati, na sikuweza kusema ni wapi kicheko kiliishia.

Lakini mkataba ni mkataba. Ulipokwisha waliuongeza, kwa sababu kaka yake aliachishwa kazi na watoto wa kaka walikuwa shuleni, na hakuna aliyehitaji kunieleza. Huwa anapiga simu. Zamani ilikuwa kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Sasa ni baadhi ya Ijumaa tu. Ananiuliza habari za meza. Nilimwambia kwamba baada ya ile lawama Madam alipiga marufuku njugu, na sasa viboksi hujaribiwa kwa maharagwe mabichi. Hakuna anayedondosha, hakuna anayekula. Alisema hiyo si karakana tena, ni shamba.

Mimi nimeondoka pale. Ninaandika, kwenye chumba changu cha Kabiro chenye dirisha linalotazama kamba za nguo za jirani. Kwenye kizingiti cha dirisha hilo kuna kiboksi cha magamba. Ni kile kingine, kilichobaki mezani, alichokifungua yeye akakikuta tupu. Madam alikuwa amekitupa kwenye kapu la kasoro, nikakiokota bila kujua kwa nini nakitaka. Ndani yake naweka njugu moja. Njugu haikai, baada ya muda hupata uchungu, ganda likajiambua lenyewe, na mimi huenda kwa muuzaji, nikachagua nyingine.

Mara ya mwisho alipopiga, aliniuliza kama bado ipo.

"Ipo."

"Tikisa nisikie."

Nilifunga ile mikunjo minne, nikaisogeza simu, nikakipindua kiboksi na kukitikisa. Njugu iligonga karatasi, kavu, ndogo, kama mtu anayebisha mlangoni akiogopa kuamsha nyumba. Huko kwake walizima mashine, au labda alikuwa ametoka nje. Palikuwa kimya.

"Imedondoka?" aliuliza.

"Haijadondoka."

"Tikisa tena."

Nikatikisa tena.