Dola ya Fedha ya Marcel

Ovila Charlebois alichimba madini ya fedha migodini hapa mjini Cobalt mpaka mapafu yakakataa, akabaki na kikohozi na ukaidi. Nyumbani kwake hakukuwa na hata kijiko cha fedha. Lakini alikuwa baba wa ubatizo wa nusu ya watoto wa mtaa wetu, na kila mmoja, maji yakishamwagwa kichwani, alimtia kiganjani dola ya fedha yenye mwaka wake wa kuzaliwa. Mwaka mwingine hakuutaka. Kwake ilikuwa sawa na kumpa mtoto jina la jirani.

Vita ilipoanza alikaa muda bila mtoto wa kubatiza, kwa hiyo hakujua habari za dola huko benki. Mwaka 1942 bintiye Fleurette akajifungua Marcel, mjukuu wa kwanza, huku mumewe Lionel akiwa ng'ambo kwenye ndege za vita. Ovila akavaa koti la kanisani, akaenda benki. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni.

“Hakuna, mzee Charlebois,” karani akamwambia. “Tangu vita ianze hazitengenezwi. Fedha inatakiwa kwingine.”

“Kwingine wapi? Nimeitoa mimi chini ya ardhi, kijana. Leo unaninyima moja?”

“Imeenda kwenye mitambo ya vita. Kwenye ndege.”

“Umezificha chini ya meza wewe.”

Siku ya ubatizo alimpa mtoto kidole chake akishike. Kwenye karamu alikataa keki, akakaa pembeni ya jiko la kuni kama mtu asiyealikwa. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia: mtoto mzima, ananyonya vizuri, halafu babu ananuna kwa ajili ya dola.

Fleurette ndiye aliyemtuliza. “Baba, si Lionel yuko kwenye ndege? Basi dola ya Marcel anayo yeye. Vita ikiisha atashuka nayo.”

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo, ukimuuliza dola ya Marcel iko wapi, alikuelekezea kidole juu.

Mwaka uliofuata, majani yakipukutika, telegramu ikafika. Ndege ya Lionel ilianguka baharini, na hakuna aliyepatikana. Tulimwombea misa bila jeneza. Hakuna aliyemuuliza Ovila habari za dola tena.

Vita ilipokwisha dola za fedha zilirudi. Karani yule yule alimletea Ovila moja mpya nyumbani, akaiweka mezani, akaaga. Nilikuwapo, nimekwenda kumsaidia Fleurette kuoka mikate. Ovila aliitazama, hakuigusa.

“Si mwaka wake,” akasema.

Marcel alikuwa ameegemea goti lake. “Yangu iko wapi, Babu?”

Ovila akashikwa na kikohozi.

“Anayo baba yako, mwanangu,” Fleurette akajibu, mikono imejaa unga.

“Haya,” Marcel akasema. “Akija nitamwambia anipe.”

Akatoka kwenda kucheza kwenye theluji. Sisi watu wazima hatukuweza kutazamana.