Barabara au Muuguzi

Mwaka wa kampeni, wagombea wawili wa ubunge wa kwetu magharibi walitufuata hadi jijini, kwenye ukumbi wa kanisa katika mtaa wa Tena, ambako sisi tuliotoka huko hukutana Jumapili. Walijua wazazi wetu ushago, kule kijijini, hutusikiliza. Mmoja aliahidi barabara ya lami. Mwingine aliahidi wauguzi na dawa kwa zahanati yetu, ambayo ilikuwa na muuguzi mmoja tu.

Kaka yangu, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, alimpigia debe yule wa barabara. Mimi nilimtaka wa zahanati, kwa sababu Mama alikuwa na presha.

"Hao wauguzi watapitia wapi?" kaka aliniuliza mbele ya watu. "Kwenye yale matope?"

"Na lami itampima Mama presha?"

Watu walicheka, wakatushangilia kama timu mbili za mpira. Hakuna aliyeuliza kwa nini tuchague kimoja.

Yule wa barabara alishinda, na lami ikawekwa kweli. Kaka alipoenda nyumbani likizo, alinitumia picha amesimama katikati yake, anacheka.

Siku chache baadaye Mama alianguka jikoni, mdomo ukapinda. Kaka alimpakia kwenye gari la jirani, akanipigia simu njiani.

"Tunateleza tu, dada. Hakuna hata shimo. Tunafika sasa hivi."

Walifika. Mlango wa zahanati ulikuwa na kufuli. Yule muuguzi alikuwa amehamishwa na hakuna aliyeletwa badala yake. Wakageuza gari kuelekea hospitali ya mjini, na Mama akakata roho kabla hawajafika.

Mbunge alikuja mazishini. Alishika kipaza sauti akasema mama yetu alikuwa na bahati, kwani safari yake ya mwisho ilikuwa juu ya lami. Watu walipiga makofi. Kaka, aliyeketi kando yangu, naye alipiga mara mbili tatu, kisha mikono ikamwangukia magotini.

"Unampigia nani makofi?" nilimuuliza.

"Sijui, dada," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Juzi mbunge alirudi mtaani Tena kuomba muhula wa pili. Safari hii anaahidi wauguzi. Kaka ameniuliza kama nitaenda kumsikiliza. Nimemuuliza kama lile kufuli la zahanati limefunguliwa.