Mteremko wa Mipaina

Harufu ya utomvu wa msonobari huwapa wengine raha. Mimi hunipandisha hasira. Juzi juzi nilialikwa Muleba, kwenye msitu wa serikali ulio juu ya kijiji chetu, nishauri wageni wakija kupumzika humo watembee wapi na wacheze nini. Hawakukosea kunialika. Kijijini kwetu mimi ndiye wa kwanza kurudi na stashahada ya misitu, na sikubebwa na mjomba wala padri. Lakini kijana mmoja wa ofisini aliposema, "Mzee, humu hakujawahi kuwa na mchezo wowote," masikio yaliniwaka.

Hakujawahi? Msitu ule tuliupanda sisi! Nikiwa darasa la kwanza tulipandishwa kilimani Jumamosi, kila mtoto na mche wake kwenye kopo, tukiimba kujenga taifa. "Miti hii ni yenu," mwalimu alituambia. "Mtakuja kucheza kivulini mwake." Mimi niliamini kila neno. Nyumbani nilijigamba kwa mama, aliyekuwa akimenya ndizi. Hakuinua uso. "Haya waitu," alisema, kwa neno letu la kubembeleza, "umepanda."

Nilipofika darasa la sita, mipaina, kama tulivyoiita misonobari ile, ilikuwa imetupita urefu mara nyingi, na sindano zake kavu zilifunika mteremko wote, zikiteleza kuliko sabuni. Nani angebuni mchezo pale kama si mimi? Nilichukua ganda nene la mgomba, nikalipaka samli ya mama bila yeye kujua, nikalikalia na kujiachia. Upepo machoni, ziwa la kule chini likinijia mbio, makalio yakipata moto! Haikuchukua muda watoto wote wa kijiji wakawa wanateleza, na mimi ndiye fundi wao.

Kisha mlinzi wa msitu, Bwana Kaijage, akatukuta. Alitunyang'anya maganda yote, hata langu la samli.

"Msitu huu ni wa taifa!" alifoka.

"Kwani sisi si taifa?" nikamuuliza.

"Nyinyi ni watoto wa hapa."

Kesho yake, tulipotoka misa, tulisikia vicheko kilimani. Tukapanda tukinyata. Kulikuwa na Landrova kutoka Bukoba mjini, mikeka, chupa za chai, na wakubwa ambao shuleni tulifundishwa kuwaita ndugu. Watoto wao walikuwa wakiteleza juu ya maganda yetu! Na Kaijage yuleyule alikuwa akiwasukuma kwa kiganja laini: "Polepole, baba. Shikilia hapo, usije ukaumia." Mtoto mmoja mnene alikalia langu. Nililijua kwa ule mng'ao.

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Mama alinisikiliza hadi mwisho, hata habari ya samli.

"Unalilia ganda, mwana wange?" alisema. "Mimi kilima kile kilinipa njugumawe."

Nikazidi kukasirika. Njugumawe zilihusiana nini na ganda langu?

Jibu nililipata chuoni, miaka mingi baadaye, mhadhiri alipotueleza kwamba misitu kama ule ilipandwa kwenye nyika tupu, zisizo na mwenyewe. Tupu! Wahaya wenzangu mnaijua rweya. Kibanja cha nyumbani, na migomba yake na kahawa yake, vilikuwa vya baba. Rweyani, kwenye majani ya kilima kile yaliyoitwa tupu, ndiko mama alikolima njugumawe, na alichovuna kilikuwa chake, hakuna aliyemuuliza.

Kijana wa ofisini nilimwambia aanze na jambo moja: mtoto wa hapa ateleze bila kuulizwa yeye ni nani. Akajibu kwamba atawasiliana na wakubwa. Nilicheka, ila si kwa furaha.

Ganda langu niliwasamehe zamani. Lakini shamba la mama hawakumtuma askari kulichukua. Walimtuma mtoto wake mwenyewe, na mche kwenye kopo, akiimba.