Mpika mbege ambaye tumbo lake limekataa mbege

OLD MOSHI. Ni Jumamosi asubuhi na Yuditha Mmari anachuja mbege, pombe ya Wachaga. Maji ya ndizi zilizochacha ameshayachanganya na uji wa ulezi, povu limepanda, na wateja wamekaa kwenye benchi chini ya migomba. Anajaza kata, anaisogeza mdomoni, anameza tone moja na kumkabidhi Mzee Thadeus.

Mzee haipokei. Muda wote alikuwa akimwangalia mdomo.

“Mama Rodney, hiyo ni kuonja au kubusu?” anauliza.

Wenzake wanacheka. Wawili wananyanyuka na kwenda kwa jirani, ambaye naye anauza mbege.

Hapa Uchagani, aliyepika ndiye anayeonja kwanza, tena anywe watu waone koo likishuka. Ndiyo namna yake ya kuwahakikishia wageni kwamba hamna sumu. Asiyeonja ana lake jambo, na hilo halihitaji mjadala.

Tatizo la Yuditha ni tumbo. Mwaka wa sita sasa linamnyonga na kujaa gesi. Wiki hii anakimbilia chooni hata chai hajanywa, wiki ijayo choo hakipatikani kabisa. Ametibiwa taifodi, minyoo na vidonda vya tumbo, na bado yuko palepale.

“Dawa za amiba nimemeza mpaka amiba wenyewe wangenionea huruma,” anasema, na hacheki.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Kila akiugua, mama mkwe wake, Bibi Margareta, anamletea bakuli la mtori wa ndizi wenye maziwa, chakula ambacho huku humwinua hata mzazi aliyejifungua jana. Yuditha anasema shikamoo mama, asante mama, anakunywa kwa heshima, kisha anaumwa maradufu. Bibi ana nia njema kabisa, na hilo ndilo linaloudhi zaidi, kwa sababu huwezi kumgombeza.

Mwaka jana Yuditha alisikia kuwa hospitali moja mjini Moshi inatafuta watu wenye matumbo ya namna hiyo kwa ajili ya utafiti. Madaktari huuita ugonjwa huo IBS kwa kifupi. Walitaka kupima homoni zilizomo kwenye damu, zile za msongo wa mawazo na zile zinazoendesha utumbo, kisha wazilinganishe na dalili anazosikia mgonjwa.

Yuditha alifurahi kuchomwa sindano. Alijua damu haidanganyi, na majibu yakitoka atayabandika mlangoni, kila mnywaji ayasome.

Majibu yalipotoka, homoni zake zilikuwa sawa na za watu wasioumwa.

Daktari Odilia, aliyemhudumia, anaonekana kuchoka kulieleza jambo hili. “Kwa sasa hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu. Tunautambua kwa dalili, baada ya kuhakikisha si ugonjwa mwingine. Yuditha anao, na maumivu yake ni ya kweli.”

Alimshauri aache mbege na maziwa, na apunguze wasiwasi.

“Niupunguze vipi, na wenyewe unakuja na wateja?” anauliza Yuditha.

Kosa lake lilikuwa kusema ukweli. Alirudi kijijini akaeleza kwamba damu haikuonyesha kitu, lakini anaumwa. Watu waliishia kwenye neno la kwanza. Kama damu ni nzima, basi mama huyu ni mzima, na kama ni mzima, kwa nini haonji? Alimwomba wifi yake Agness, anayepika naye, awe anaonja badala yake. Mzee Thadeus alikataa katakata, akisema kila pipa lina mwenyewe, na hili ni la Yuditha. Tangu hapo benchi linapungua, na benchi hilo ndilo linalomsomesha mwanawe Rodney.

Desemba hii Rodney anapata kipaimara. Ndugu watatoka Kwa Sadala hadi Tarakea, na mbege ya sherehe hupikwa na mama wa mtoto. Mumewe, Yoramu, amependekeza wanunue soda na bia za chupa, yaishe. Yuditha hataki kusikia. Akikwepa siku hiyo, anasema, atakuwa amewathibitishia wote kwamba ana la kuficha, na hakuna atakayekanyaga tena kwake.

Mpango wake ameshaupanga, na hajamwambia daktari.

“Nitakunywa kata nzima, mbele yao wote. Mzee Thadeus nitamweka kiti cha mbele. Halafu asiondoke mtu. Damu imekataa kunitetea, basi wakae waone nitakavyoumwa. Kuanzia Januari ataonja Agness, na wa kuniuliza sababu atakuwa ameshaiona.”