Mwaka Niliokaa kwa Mama Spana

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, mikono yake yote miwili ikiwa myeusi kwa mafuta ya mashine hadi karibu na viwiko. Nilimnyooshea mkono. Akautazama wangu, akaitazama yake, kisha akanipa kiwiko.

"Shika hapo hapo, mwanangu," alisema. "Kwingine kote kuko kazini."

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Mama Spana. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sijawahi kuvuka mpaka wa nchi yetu, na nilikuwa nimekuja kusomea uuguzi kwa miezi kumi. Chuo hakikuwa na mabweni, kwa hiyo kila mwanafunzi mgeni alipewa familia ya kukaa nayo. Wenzangu walipata nyumba zenye bustani. Mimi nilipata nyumba ambayo sebule yake ilikuwa karakana ya kutengeneza vyerehani.

Vilikuwa kumi na saba siku hiyo. Vingine vimefunguliwa matumbo, vingine vimelazwa ubavu juu ya magazeti. Ukuta mzima ulijaa droo ndogo za bati, na juu ya kila droo ilibandikwa skrubu au chemchemi ya aina iliyomo ndani, kwa sababu Mama Spana alisema macho yanafika kabla ya herufi. Ili kufika jikoni ilibidi upite kwa ubavu, tumbo ndani.

Nyumba ilikuwa na watu watatu: Mama Spana mwenyewe, binti yake wa sekondari, ambaye nililala naye chumba kimoja na ambaye alikuwa akiongea usingizini, na Bibi, mama mzazi wa marehemu mume wa Mama Spana, mwanamke wa miaka sabini na minane aliyekaa dirishani na kuyajua mambo yote ya mtaa bila kutoka nje.

Lugha yao nilikuwa nimejifunza darasani, na lugha ya darasani ina mitego. Jioni ya kwanza Mama Spana alitaka kuniongezea supu mara ya tatu. Nikakusudia kusema nimeshiba. Kumbe kwao neno la kushiba na neno la kuwa na mimba yanapishana kwa herufi moja. Bibi akaweka kijiko chini taratibu.

"Chuo hakikutuambia," alisema.

Binti akacheka mpaka akakimbilia jikoni. Tangu siku hiyo, kila nilipomaliza kula, Bibi alikuwa akiniuliza kwa uso mkavu kabisa: "Ya miezi mingapi leo?"

Siku mbili niliachwa nikae kama mgeni. Siku ya tatu, kabla ya chai, Mama Spana alinikabidhi sumaku iliyofungwa kamba. "Pitisha sakafuni, pole pole, mpaka chini ya meza. Sindano ikimwingia Bibi mguuni, atakayepigiwa kelele ni wewe, si sisi." Basi ikawa kazi yangu ya kila asubuhi. Niliokota sindano, nati, vipande vya waya, na siku moja kipini cha sikio ambacho binti alikuwa amekitafuta miezi minne.

Habari za Mama Spana sikuzipata kwake. Yeye ukimuuliza juu ya maisha yake alikujibu kwa habari za mashine. Nilizipata kwa Bibi, tukimenya viazi.

Fundi wa nyumba hiyo alikuwa mume. Kazi ya mke ilikuwa kumshikia tochi. Miaka tisa alishika tochi. Halafu mume akapata homa ya mapafu, wiki mbili tu, akaenda. Arobaini haijapita, wateja wakaanza kuja kuchukua mashine zao, kwa upole, kwa pole nyingi, wakisema hawataki kumsumbua mjane. Alipowaambia, "Niachieni, nitatengeneza mimi," walicheka kidogo, kile kicheko cha msibani, na wakabeba mali zao wakaondoka.

"Usiku ule hakulala, na mimi sikulala," Bibi alisema. "Asubuhi nikamwambia: mkwe wangu, kile cherehani changu cha harusi kiko chini ya kitanda. Kitoe. Kifungue chote. Ukikiharibu, umeharibu changu, hakuna atakayekudai."

Nikaacha kumenya. "Hukukionea uchungu, Bibi?"

"Nilikionea. Nilikaa hapa hapa nikamtazama anakifungua skrubu kwa skrubu, na kila moja anaichora kwenye daftari la shule. Siku tatu nilijizuia. Siku ya nne alikirudisha, zikabaki skrubu mbili mkononi mwake. Akalia. Nikamwambia, kifungue tena."

Alikifungua mara sita. Mara ya sita haikubaki hata moja. Mteja wa kwanza kurudi alikuwa mshonaji wa sare za shule, tena alirudi kwa kukosa pa kwenda. Wengine wakafuata. Jina la Spana alipewa na wanaume wa mtaani kwa kumkejeli. Akalipokea, akaliandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu, na kejeli ikafia hapo.

Sitaki mtu adhani niliishi na malaika. Mama Spana aliimba akifanya kazi, na sauti yake ilikuwa ya msumeno. Chumvi aliisahau siku tatu kati ya saba. Akishika jambo hakusikia la muadhini wala la mnadi, na binti yake alishindana naye kila siku juu ya kitu kimoja: mama kutia bisibisi kwenye kikombe cha miswaki.

Mwezi wa tano wa kukaa kwangu, mwanamume mmoja alikuja na mkokoteni uliobeba cherehani kizuri cha kukanyaga. Mkewe alikuwa mshona mapazia, anayejulikana mji mzima. Alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wote wa kulia umelegea.

"Nimekuja kukuuzia," mume alisema. "Kinamuumiza roho kukiona."

Mama Spana alipapasa gurudumu la mashine. "Yeye mwenyewe amesema kiuzwe?"

Mume akatazama viatu vyake.

"Basi rudi nacho. Kesho nitakuja kumsalimia."

Kesho yake tulikwenda wote wawili. Alinichukua, alisema, kwa sababu mimi ndiye daktari wa nyumba, na nilipomkumbusha kwamba mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, alisema ndiyo maana hanilipi. Mshona mapazia alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na kitanda, mkono wa kulia mapajani kama kitu alichoachiwa amshikie mtu. Maneno yalimtoka kwa uzito, lakini yalikuwa makali.

"Mmekuja kutazama maiti?"

"Nimekuja kutazama mguu wa kushoto," alijibu Mama Spana. "Unakanyaga?"

"Nusu yangu imekufa, wewe. Huoni?"

"Naona. Basi tutashona na ile nusu iliyobaki."

Mwanamke yule akageuza uso ukutani. Njiani kurudi nilimwambia Mama Spana, kwa heshima na kwa maneno yaliyotoka moja kwa moja kwenye daftari langu, kwamba mgonjwa wa namna ile anahitaji kupumzika na kuzoea hali yake mpya, na kwamba kumpa matumaini yasiyo na msingi ni hatari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi nilipumzishwa na mtaa mzima," alisema. "Najua kunavyokuwa."

Wiki ile alimwomba mume kile cherehani, akakiwekea mota ndogo, na pedali upande wa kushoto. Akatengeneza kijireli cha shaba kando ya sindano, ili ukingo wa kitambaa ukiegemea hapo uende sawa bila mkono wa pili kuuongoza. Kilikuwa kitu kizuri cha kutazama. Tukampelekea. Mshona mapazia alikanyaga, kitambaa kikaenda shibiri mbili, kikakunjamana, sindano ikavunjika. Akaufagia uzi wote kutoka mezani kwa mkono wake mzima.

"Toeni! Toeni nje kitu chenu!"

Tukarudi nacho karakana, nami nikadhani mambo yameishia hapo. Asubuhi iliyofuata nilitoka chumbani na sumaku yangu nikamkuta Mama Spana mezani akinywa chai, mkono wake wa kulia umefungwa kiunoni kwa mtandio.

"Umeumia, Mama?"

"Sijaumia. Nimekuwa mjinga. Nimetengeneza mashine ya mtu wa mkono mmoja kwa mikono miwili. Nipakie siagi hapo."

"Hapana, Mama," alisema binti yake. "Ukipakiwa hutajua."

Basi akapaka mwenyewe. Mkate ukazunguka meza nzima ukimkimbia, ukaanguka, siagi chini. Siku nne aliishi hivyo. Alipika, aliosha vyombo, alivaa, alifungua nati kwa mkono wa kushoto akisema maneno ambayo darasani hatukufundishwa. Siku ya pili binti yake alifunga wake pia, akaenda shule hivyo, akarudi na barua kutoka kwa mwalimu. Siku ya tatu nikafunga wangu. Vifungo vya sare yangu ya hospitali vilinichukua robo saa, na nilipomlisha mgonjwa mmoja mchana ule, kwa mara ya kwanza niliona kwamba alikuwa akitaka kushika kijiko mwenyewe. Nilikuwa nimemlisha wiki mbili sijawahi kumuuliza.

Lakini aliyelipata jibu alikuwa Bibi. Siku ya nne alidai naye afungwe. "Nimeshona kabla hamjazaliwa, nyote," alisema. Tukamfunga mtandio, tukamketisha mbele ya cherehani chake cha harusi. Akawa akitia kitambaa, akitoa, akitia. Kisha akaita.

"Mkwe! Njoo. Si kushona kunakomshinda. Kushona kunakwenda. Tazama hapa."

Akatuonyesha kile kiguu kidogo cha chuma kinachobana kitambaa chini ya sindano. Ili kitambaa kiingie, lazima ukinyanyue kile kiguu kwa mkono mmoja nyuma ya mashine, huku mkono wa pili umeshikilia kitambaa kisiteleze. Mwenye mkono mmoja akikiachia kitambaa, kinakaa upande. Akikishikilia, kiguu hakinyanyuki.

"Kila mara anaanza akiwa ameshapotoka," alisema Bibi. "Ndiyo maana kinakunjamana."

Mama Spana alisimama akitazama, mdomo wazi. Miaka kumi na moja alikuwa akitengeneza vile viguu. Akainama akambusu mama mkwe wake utosini, akimpaka mafuta kwenye nywele nyeupe, akafungua mtandio, akaanza kukata chuma. Kufikia jioni alikuwa ameunganisha kwenye cherehani cha mshona mapazia wenzo unaoshuka chini ya meza mpaka usawa wa goti la kushoto. Ukisukuma goti pembeni, kiguu kinanyanyuka, ukilegeza, kinabana. Mkono hauhusiki.

Kazi ngumu ikawa kumshawishi mwenyewe ajaribu tena. Mama Spana hakumshawishi. Alimpeleka Bibi. Tulimsukuma kwenye kiti cha magurudumu tulichoazima hospitali, mkono wake umefungwa, cherehani kikifuata kwenye mkokoteni, na alipoingizwa mle chumbani hakutoa hata pole. Alishona mstari mmoja mrefu kwenye shuka kuukuu, akaukata uzi kwa meno, akamrushia mwenye nyumba.

"Mimi karibu themanini," alisema. "Haya, wewe."

Mshona mapazia aliutazama ule mshono. "Umepinda," alisema.

"Basi shona ulionyooka."

Akaketi. Goti likasukuma, kiguu kikanyanyuka, mkono wa kushoto ukasogeza kitambaa mpaka kikaegemea kijireli. Akakanyaga. Mashine ikaenda upana mzima wa shuka bila kusita, mumewe amesimama mlangoni ameshika sufuria. Alipofika mwisho alikiinua kitambaa dirishani, akakitazama kwa jicho la mtu wa kazi. Akachukua kiwembe akaanza kuufumua.

"Mbona unafumua?" mumewe akauliza, karibu alie.

"Hii siwezi kumpelekea mtu," alijibu. "Nitarudia."

Mama Spana alinibana mkono mpaka ukauma. Njia nzima kurudi nyumbani aliimba, na kwa mara ya kwanza hatukumwomba anyamaze.

Habari zilifika hospitalini. Nakiri nilizipeleka mimi. Wakamwalika aje azungumze na madaktari ukumbini. Alikuja na mkokoteni, cherehani juu yake, na mitandio kumi. Hakupanda jukwaani. Alimwita daktari mkuu, akamfunga mkono, akamwambia atie kitambaa chini ya sindano. Daktari yule, mpasuaji hodari, alihangaika, akatokwa jasho, ukumbi ukacheka kisha ukanyamaza. Mwaka ule alitengenezewa mashine mtu aliyekatika vidole, mama aliyepooza miguu, na mshona viatu mmoja ambaye kila mtu alikuwa ameshamwambia atafute kazi ya ulinzi.

Niliondoka mwezi wa kumi. Mama Spana hakuja kunisindikiza stesheni; alikuwa na mashine ya mteja tumbo wazi, na aliyeahidiwa alikuwa ameahidiwa. Aliniaga mlangoni, akaniambia nikifika nipige simu hata kama ni kwa sekunde moja. Bibi ndiye aliyekuja, na alilia kwa niaba ya nyumba nzima, kwa sauti, mpaka mkata tiketi akamletea kiti.

Ni miaka minane sasa. Nafanya kazi kwenye wodi ya waliopata kiharusi, na sitoi ushauri wa mtu kuzoea hali yake kabla sijamuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Binti amehitimu uhandisi na anashindana na mama yake juu ya vipimo badala ya miswaki. Mshona mapazia anafundisha wanawake watatu. Bibi yupo, ana miaka themanini na sita, hasikii vizuri. Mwezi uliopita nilipiga simu, Mama Spana akapokea, akaniambia nisubiri kidogo ana skrubu mdomoni, na nikasikia akimwambia mtu, bila haraka: "Hebu nionyeshe kwanza unachoweza."